Kamera Iliyozaa Ng'ombe wa Kijivu

Jumamosi, 6 Julai 2024. Nkende, Tarime

Nimepata kamera! Kamera kweli kweli, si hii ya simu. Ina lenzi ndefu, ina mkanda wa shingoni, ina vitufe vingi kuliko kanzu ya padri. Nimeitoa Sirari mpakani kwa Mkenya mmoja aliyeapa kwamba ni ya mapro, buda, hautajuta. Mtumba, ndiyo. Lakini mtumba wa heshima. Nimeshuka kwenye gari mapema makusudi ili nitembee nayo barabara yote ya Nkende, polepole, Godwin aione.

Godwin ana studio ya picha mkabala na yangu. Yangu ina jina zuri zaidi, yake ina wateja zaidi. Ameiona. Amejifanya anafagia.

Jioni baba mdogo Nashoni kapiga simu kutoka Kenyamonta. Kauliza kama ni kweli yule dume njeku aliyenipa nimemuuza nikanunua mashine ya picha. Nikamwambia sijamuuza, nimemgeuza mtaji. Halafu akanikumbusha kwamba mahari ya Modesta tumekubaliana ng'ombe kumi, na walioko zizini sasa ni tisa. Nikamwambia asihofu, kamera itazaa. Akasema hajawahi kuona kamera yenye mimba. Wazee biashara hawaielewi.

Modesta ni wa Natta, anapika kwenye kambi moja ya watalii huko. Nampenda mpaka najishangaa. Naandika hapa kwa sababu kila nikijaribu kumwambia usoni naishia kuuliza habari za mvua.

Jumapili, 7 Julai

Baada ya ibada nimejifungia studio na kamera. Godwin huwa anajigamba kwamba mpiga picha wa kweli hutumia M, yaani anapanga kila kitu mwenyewe. Basi nimeweka M. Kuna kasi ya shata, yaani lango la mwanga linafunguka na kufunga upesi kiasi gani. Kuna tundu la lenzi, unalipanua au unalibana. Na kuna kitu kinaitwa ISO. Pembeni yake pameandikwa AUTO. Sikijui, nikakiacha kilivyo.

Ajabu kubwa! Nimepiga ukuta kwa kasi ndogo. Nikapiga tena kwa kasi kubwa. Kwa akili ya kawaida ile ya pili ingekuwa na giza, maana mwanga umepata nafasi ndogo ya kuingia. Zimetoka sawa. Nikabana tundu. Sawa. Nikazungusha gurudumu mpaka kidole gumba kikavimba. Ukuta ni ule ule, weupe ule ule, na ufa ule ule ambao mama mwenye nyumba ameahidi kuuziba tangu mwaka jana.

Nimeuziwa mashine isiyosikia amri. Nimempigia yule Mkenya. Hapatikani.

Jumatatu, 8 Julai

Sikulala vizuri kwa kuwaza. Asubuhi nikaitazama kamera yenyewe badala ya kutazama picha. Nikaona! Kila nikiongeza kasi, namba ya ISO inapanda. Nikipunguza, inashuka. Mia. Mia nne. Elfu tatu na ushee. Kumbe haikaidi. Mimi naupunguza mwanga kwa mbele, yenyewe inaufidia kwa nyuma. Nimecheza nayo mpaka saa nne, nimesahau hata chai. Mteja wa paspoti alikuja akaondoka. Kaenda kwa Godwin.

Kujua kwamba inafidia ni jambo moja. Inafidia na nini? Hapo nikakwama. Nikavuka barabara nikamuuliza Godwin, kwa niaba ya rafiki yangu.

Godwin anapenda kufundisha kama mwalimu aliyestaafu. Akasema ISO ni kama amplifaya ya kanisani. Kwaya ikiimba chini chini, fundi anaongeza sauti, unaisikia, ila na mvumo wa spika nao unausikia. Kwenye picha mvumo ule ni chenga, vile vidoadoa kama vya televisheni yenye antena mbovu. Auto maana yake fundi yumo ndani, anaongeza na kupunguza bila kukuuliza. Hivyo mtu anayejisifu kwa M huku ISO iko Auto ni sawa na dereva anayeendesha basi la kuvutwa.

Akauliza huyo rafiki yangu ni nani. Nikasema ni Nikodemo, yuko mbali. Akasema nimwambie Nikodemo mkanda wake umejikunja hapo shingoni. Simpendi kabisa huyu mtu.

Jumatano, 10 Julai

Taabu imefika. Baba yake Modesta, Mzee Simon, ametuma salamu. Kwa kawaida wakwe huja zizini wenyewe, wanawatazama ng'ombe, wanakubali au wanakataa. Lakini goti lake linamsumbua, na amesikia mkwe mtarajiwa ni mpiga picha. Basi nimtumie picha kwenye simu, ng'ombe mmoja mmoja, wote kumi. Akiridhika tunapanga siku ya kuwapeleka Natta na ndoa inafungwa Agosti. Asiporidhika, Modesta anasema kuna mtu wa Mugumu mwenye trekta ambaye amekuwa akija nyumbani kwao kusalimia kuliko inavyohitajika.

Trekta! Nimekosa hamu ya kula.

Nikiwa nimekaa hivyo nikainyooshea kamera sufuria ya maharage ya mama mwenye nyumba, ile iliyoungua nje ikawa nyeusi kama lami. Nikaisogelea mpaka ikajaa kioo chote. Nikabonyeza. Picha ikatoka na sufuria ya kijivu! Kijivu cha majivu baridi. Nikarudi nyuma nikaipiga tena ikiwa mlangoni na anga jeupe nyuma yake. Nyeusi tii.

Nimewaza sana juu ya jambo hili, na nadhani nimeligundua mwenyewe bila Godwin. Kamera haijui kitu cheusi. Ikijaziwa weusi inadhani ni giza limeingia, basi fundi wa ndani anaongeza ISO mpaka cheusi kiwe kijivu. Ikiona anga jeupe inadhani mwanga umezidi, anapunguza, na cheusi kinabaki cheusi. Sufuria moja, rangi mbili!

Baba mdogo ana ng'ombe mmoja jike mweusi tii.

Ng'ombe mmoja, rangi mbili. Tisa na mmoja ni kumi. Nimejipongeza kwa soda.

Ijumaa, 12 Julai. Kenyamonta

Nimeamkia zizini. Baba mdogo hakuniuliza kitu, alidhani nawapiga picha tisa niombe msamaha kwa mmoja. Sikumsahihisha.

Wanane wamekwenda vizuri. Yule mweusi nikamwacha mwisho. Kwanza nilimpiga akiwa juu ya kichuguu, anga nyuma yake. Mweusi safi, kama amechorwa kwa wino. Halafu nikamzungusha upande wa pili, nikamsogeza kwenye kivuli cha ghala, nikamkaribia mpaka kioo kikajaa ubavu na kichwa. Kwa kuwa anatikisa mkia na kichwa muda wote, niliweka kasi kubwa kabisa. Na tundu nikalibana, maana M ni kupanga mwenyewe. ISO nilimwachia fundi.

Namba iliyojitokeza sijawahi kuiona. Tarakimu tano! Nikaona fahari. Na ng'ombe ametoka kijivu, kijivu kabisa, hata mama yake asingemjua.

Nimezituma zote kumi kwa Mzee Simon, na kwa Modesta pia. Modesta kajibu kwa kunipongeza na alama ya moyo. Nimeisoma mara nyingi.

Jumapili, 14 Julai

Mzee Simon kapiga simu mwenyewe. Shikamoo yangu aliipokea vizuri. Akawasifu ng'ombe mmoja baada ya mwingine, na yule mweusi alimsifu zaidi, akasema ni ng'ombe wa kujivunia. Nilikuwa nimesimama, nikakaa kwa raha.

Ndipo akaja kwa wa kijivu. Akasema amemkuza kwenye simu kwa vidole viwili, na amesikitika. Ngozi yote ina vipele. Shingoni vipele, ubavuni vipele, hata puani. Ameona mapele ngozi ya aina nyingi katika maisha yake lakini haya ya rangi ya zambarau na kijani ni mageni. Akaniuliza kama anakula vizuri.

Chenga! Ni zile chenga! Fundi wa ndani ameongeza sauti mpaka mvumo umekuwa ugonjwa!

Nilipaswa kusema kitu cha busara. Nilisema anakula kidogo.

Mzee akasema basi wa kijivu hamtaki, nimtafute mwingine, na atengwe upesi asiwaambukize wenzake, hasa yule mweusi. Nikaahidi kwamba yule mweusi na yule wa kijivu hawatasimama mahali pamoja kamwe. Hilo angalau ni kweli tupu.

Jumatatu, 15 Julai

Mwingine nitamtoa wapi? Nimekaa na kamera mapajani nikaiuliza.

Halafu wazo. Kama wa kijivu amekufa, hakuna wa kutengwa wala wa kutazamwa, na mtu aliyefiwa na ng'ombe hubembelezwa. Mzee anaweza hata kusema basi mwanangu, tisa wanatosha. Nimempigia kwa sauti ya chini. Nikasema amelala jana akiwa mzima kiasi, leo hakuamka.

Alinipa pole ndefu, ya moyoni. Kisha akaniomba ngozi.

Nilisahau! Ng'ombe wa mahari akifa mikononi mwa mwenye kutoa, ngozi lazima wakwe waione, la sivyo mtu yeyote angeweza kusema ng'ombe wake amekufa. Kila mtoto wa huku anajua. Mimi nilijua pia, ila nilikuwa nawaza ISO.

Nikasema tumemzika na ngozi yake. Kwa sababu ya ugonjwa. Ameagiza afisa mifugo.

Afisa mifugo yupi, kauliza Mzee Simon. Nikasema wa kata. Akasema vizuri sana, namba yake anayo.

Jumatano, 17 Julai

Sina hamu ya kuandika lakini nitaandika.

Afisa mifugo kafika Kenyamonta na buti za mpira akaomba aonyeshwe kaburi. Baba mdogo kauliza kaburi la nani. La ng'ombe wa kijivu. Baba mdogo kasema hapa hajawahi kufugwa ng'ombe wa kijivu. Afisa kasema ndivyo wasemavyo wote wanaoficha mnyama mgonjwa. Akawakagua ng'ombe mmoja mmoja, akawakuta wazima, lakini akasema mpaka apate maelezo ya huyo aliyezikwa, hakuna kwato itakayotoka kwenye zizi lile. Si kwenda mnadani, si kwenda Natta.

Yaani jana nilikuwa na upungufu wa ng'ombe mmoja. Leo nina upungufu wa kumi.

Baba mdogo alipiga simu. Alianza na neno mura, yaani kijana, na kila alipolirudia lilizidi kuwa zito. Alisema marehemu kaka yake alimwachia mtoto amlee, hakusema kama mtoto mwenyewe atakuwa hivi. Nilitaka kumweleza habari za fundi wa ndani anayeongeza ISO. Akakata.

Modesta hajibu. Mtu wa trekta yuko Natta tangu jana, nimesikia. Nimelia kidogo, nikijifanya ni vumbi, ingawa nilikuwa peke yangu.

Ijumaa, 19 Julai. Kenyamonta

Mzee Simon amekuja! Na goti lake, juu ya pikipiki, Modesta kwenye pikipiki nyingine nyuma yake. Baba mdogo aliniita tangu alfajiri nije nisimame pale kama mwanaume. Nikasimama. Nikaamkia.

Mzee hakukaa kwenye kiti alichowekewa. Aliomba kuona zizi. Akaingia na fimbo yake, akawapita wale wanane bila kugeuka, akaenda moja kwa moja kwa yule mweusi. Akamshika shingoni.

Akamwambia, "Pole sana mama. Niliambiwa wameshakuzika."

Baba mdogo akanitazama. Modesta akatazama mlima. Mimi niliitazama kamera, maana ilikuwa shingoni, karibu.

Mzee akaeleza bila hasira, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Rangi hutazamwa na watu wa mjini. Yeye hutazama pembe. Huyu pembe yake ya kushoto imeinama mbele na sikio la upande huo lina mkato. Wa kijivu naye vile vile, pembe ile ile, mkato ule ule. Aliwajua kuwa ni mmoja kabla chai yake haijapoa. Vipele navyo alivionyesha kwa Modesta, na Modesta akamwambia watalii wanaopiga picha za simba jioni hulalamika juu ya vitu hivyo hivyo.

Nikauliza kwa nini basi alinipa pole. Akasema alitaka kujua mkwe wake atafika wapi. Alitegemea nitaishia kwenye ugonjwa. Kuua na kuzika hakutegemea, na wala hakujua kwamba kuna mtu angejitajia afisa mifugo kwa mdomo wake mwenyewe.

Hapo baba mdogo akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu habari ya njeku. Mzee naye akacheka mpaka akashika goti. Alimpigia afisa palepale, akamweleza yote, na nikasikia afisa pia akicheka ndani ya simu. Zizi limefunguliwa.

Walikaa wakazungumza kiutu uzima. Baba mdogo, kwa aibu, ameniongezea mtamba wake mweupe aliyekuwa kwa jirani awe wa kumi, kwa sharti niuze kamera nimrudishie alichopoteza. Mzee Simon amekubali. Ndoa ipo! Akiwa anapanda pikipiki akageuka akasema ila huyo wa kumi awe wa kijivu, maana Natta nzima imeshasikia habari zake. Wote wakacheka tena. Mimi niliitikia ndiyo baba.

Modesta alinivuta pembeni. Alisema mtu wa trekta alikuja kutengeneza pampu ya kambi, basi, na kwamba yeye alishachagua siku nyingi, mjinga ni mjinga lakini ni wake. Moyo ulinipaa. Halafu akasema nikipiga picha nyingine ya ng'ombe kabla ya ndoa, nitafute mke Sirari.

Jumapili, 21 Julai. Kenyamonta

Kesho kamera inakwenda kwa Godwin. Ameshaikubali, na amesema atanifundisha kuitumia nikija kumtembelea. Afadhali iibwe.

Lakini kuna jambo linanisumbua tangu Ijumaa. Mzee amesema kijivu. Mtamba ni mweupe kama unga. Nimemuuliza baba mdogo, akasema ulikuwa utani, mura, kaa kimya siku sita tu, ng'ombe wafike. Siku sita tu. Baba mdogo ni mtu mzuri lakini haoni mbali. Mkwe hajaomba kitu kingine ila rangi, na rangi hiyo aikose?

Nimemwendea mtamba, kumuaga tu, na kamera shingoni kwa mazoea. Nikawaza. Kama fundi wa ndani akiona weusi anadhani ni giza, basi akiona weupe mtupu atadhani nini? Lilikuwa swali la elimu tu. Nikamsogelea mpaka kioo kikajaa weupe. Jua lilikuwa kali. Namba ya ISO ikashuka, ikashuka, mpaka mia. Nikabonyeza.

Kijivu! Kijivu safi, laini, na chenga hata moja haipo! Mtu asije akasema sijifunzi. Nimejua sasa kosa langu lilikuwa wapi: lilikuwa ni tarakimu tano. Na pembe za huyu hazijainama popote, nimezikagua moja moja.

Modesta alikataza picha ya ng'ombe. Nimelitafakari neno lake kwa heshima. Hii siyo picha ya ng'ombe, ni uthibitisho wa ahadi.

Nimemtumia Mzee Simon na maneno machache: Shikamoo baba, wa kijivu amepatikana, anafika Jumamosi na wenzake. Tiki mbili. Za bluu tayari! Anaandika. Ameacha. Anaandika tena. Ameacha. Bila shaka anatafuta maneno ya kunishukuru.